Kutoka utabibu kwenda vipandikizi vya mgongo: mwongozo kamili kwa matabibu wa Mtwara na Lindi

Mgonjwa aliyenitia wazo hili alianguka kutoka mnazini, upande wa Msimbati. Ndugu zake walimleta na pikapu akiwa amelazwa juu ya mlango wa mbao, na huo mlango ndio uliomsaidia, maana mgongo haukukunjwa njiani. Nikampima miguu. Kidole gumba cha kulia kilicheza kidogo, cha kushoto kimya. Nikamwekea mpira wa mkojo, nikaandika rufaa, akasafirishwa Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 550. Alirudi kliniki miezi kadhaa baadaye akitembelea magongo, na bahasha ya eksirei mkononi. Nikaiweka kwenye taa: skrubu nne, fito mbili. Nilikuwa na miaka tisa ya utabibu, na kati ya vile vyuma vilivyomsimamisha yule baba hakuna hata kimoja nilichoweza kukitaja kwa jina.

Leo vyuma hivyo ndiyo kazi yangu. Kila mwezi napigiwa simu na tabibu wa Newala, Nachingwea au Mtwara mjini: "Kaka, nimechoka zamu za usiku, niunganishe na kampuni." Jibu la swali hilo halitoshi kwenye simu. Nimeliandika hapa lote, hatua kwa hatua, kwa tabibu na daktari msaidizi. Nesi wa thieta naye litamfaa, huenda kuliko sisi.

Hatua ya 1: Ijue kazi kabla ya kuitamani

Marekani kuna kada inayofanana na yetu, physician assistant, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, na baadhi yao huvuka kwenda kampuni za vifaa vya mgongo. Kule mtu anaajiriwa moja kwa moja na mtengenezaji, Medtronic kwa mfano au Globus Medical. Kwetu sivyo. Bidhaa nyingi zinaingia kupitia wasambazaji wenye ofisi Dar es Salaam, na huyo msambazaji ndiye atakayekuwa mwajiri wako.

Ndani ya kampuni kama hiyo kuna kazi za namna tatu. Kuna mtu wa mauzo, anayefuatilia zabuni na madeni. Kuna mtu wa usajili, anayeshughulika na nyaraka za TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Na kuna anayeingia thieta na seti, yaani trei za vipandikizi na vifaa vyake, anasimama nyuma ya meza na kuisaidia timu ipate kifaa sahihi kwa wakati sahihi. Kampuni ndogo humbebesha mtu mmoja zote tatu. Tabibu anafaa zaidi hiyo ya thieta, na mwongozo huu unaihusu hiyo hasa.

Kuna jambo moja lazima ulisikie mapema. Ukikaa Mtwara ukingoje upasuaji wa mgongo peke yake, utalala njaa. Kesi nyingi za mgongo zinapelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Kwa hiyo chagua: uhamie Dar, au ubaki Kusini ukibeba pia sahani na misumari ya mifupa mirefu, huku mgongo ukiwa sehemu tu ya kazi. Mimi nilianza kwa hiyo njia ya pili na sijutii. Paja lililovunjika kwa bodaboda lilinifunza seti, otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) na stoo kabla sijakabidhiwa uti wa mgongo wa mtu.

Hatua ya 2: Orodhesha ulichonacho

Chukua daftari. Andika wagonjwa uliowahudumia ambao tatizo lao lilikuwa mgongo. Majina usiandike, andika aina tu: walioanguka kutoka mnazi, mwembe au mkorosho, ajali za pikipiki, maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, kifua kikuu cha mgongo. Ulipima nini? Ulimwandikia rufaa baada ya muda gani? Nini kilimchelewesha?

Usiidharau orodha hiyo. Kijana aliyesomea biashara anaweza kukushinda kwa kompyuta na kwa kuongea, lakini hajui kwa nini daktari anauliza kama mgonjwa anahisi kuguswa sehemu za haja. Wewe unajua. Kusini hapa unajua pia kwamba mgonjwa wa Liwale anaweza kufika amechelewa siku tatu na akakuta kitanda hakipo. Kampuni inakosa maarifa hayo, na kwenye usaili ndiyo utakayoyauza.

Hatua ya 3: Soma mgongo upya, safari hii kwa jicho la fundi

Hapa usiharakishe. Jipe miezi mitatu hadi sita ukiwa bado kazini.

Anza na mifupa. Pingili 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, kisha sakramu. Hayo uliyajua chuoni. Usilolijua ni kwamba kila pingili ina vishikizo viwili vya mfupa vinavyounganisha mwili wake na upande wa nyuma, na skrubu hupita humo. Kiunoni vishikizo ni vinene, na kadiri unavyoshuka kwenda pingili ya tano ndivyo vinavyopanuka. Katikati ya kifua ni vyembamba mno. Upande wa ndani kuna mfereji wa neva. Skrubu nene kupita kiasi inapasua ukuta, na kupasua ukuta wa ndani kunaweza kumgharimu mtu mguu. Kumbuka pia kwamba uti wenyewe, ile kamba ya neva ndani ya mfereji, kwa watu wazima wengi unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni mashina ya neva tu. Ndiyo maana yule mgonjwa wa mnazi, aliyevunjika pale kifua kinapokutana na kiuno, alikuwa na hali ya hatari.

Kisha vyuma. Skrubu za kiuno mara nyingi zina kipenyo cha milimita 5.5 hadi 7.5, na urefu wa milimita 35 hadi 55 hivi. Fito nyingi ni za milimita 5.5, lakini kuna mifumo ya milimita 6. Kutokana na hilo kuna kanuni mbili za kushika kama sala. Ya kwanza, usichanganye skrubu za mtengenezaji huyu na fito za yule, hata zikionekana kukaa vizuri. Ya pili, usichanganye titani na chuma cha pua kwenye mwili mmoja, maana metali mbili tofauti zikigusana ndani ya majimaji ya mwili zinaliana kutu. Halafu kuna vizimba vinavyowekwa mahali pa diski. Vingi vimetengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo PEEK, ambayo eksirei haiioni, na kwa sababu hiyo huwekewa vidoti vya metali ili daktari ajue kimekaa wapi.

Na magonjwa. Kifua kikuu cha mgongo kilielezwa na Percivall Pott wa Uingereza mwaka 1779, na hadi leo hii tunakiona Kusini. Hapo dawa ndiyo matibabu ya kwanza. Vyuma vinaingia pale mgongo unapopinda, unapolegea au neva zinapobanwa. Ukikuta muuzaji anayetaka kila mgonjwa wa TB apigwe skrubu, mkimbie.

Pa kusomea papo. AO, taasisi ya upasuaji wa mifupa iliyoanzia Uswisi mwaka 1958, ina kitengo cha mgongo kiitwacho AO Spine chenye masomo ya mtandaoni. Vijitabu vya watengenezaji vinavyoonyesha hatua za upasuaji vinapatikana bure. Visome huku umeshika mfupa wa plastiki au hata picha. Kisha andika barua ya kuomba kutazama upasuaji, kupitia mkuu wa kituo chako. Usiingie thieta ya watu kwa kujuana.

Hatua ya 4: Chora ramani ya Kusini

Mwajiri atakuuliza: "Ukanda wako una nini?" Usijibu kwa kubahatisha. Tembelea Ligula, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Sokoine kule Lindi, Ndanda na Nyangao. Kila mahali uliza kwa adabu maswali manne: yupo daktari bingwa wa mifupa? Mashine ya eksirei ya thieta inafanya kazi? CT skani ipo? Otoklevu inafika nyuzi 134 na kukausha vizuri? Jaza jedwali lako, na ulirudie kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu bingwa anahamishwa na mashine inakufa.

Barabara nayo ni sehemu ya ramani. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Kusini upande wa Lindi. Seti iliyo Dar siku kama hiyo ni sawa na seti isiyokuwepo. Ukimweleza mwajiri kwa nini seti moja ikae Mtwara wakati wa masika, ataona anaongea na mtu wa kazi.

Hatua ya 5: Omba kazi, nawe umsaili mwajiri

Wasifu wako uwe kurasa mbili. Juu kabisa weka uzoefu wa mgongo na thieta, vyeti baadaye. Barua iseme unajua ukanda gani na uko tayari kulala wapi.

Siku ya usaili, ukishaulizwa yako, uliza haya:

- Bidhaa zenu za mgongo zimesajiliwa TMDA? Naomba kuona vyeti. Vipandikizi viko kwenye madaraja ya juu ya hatari, na kuviuza bila usajili ni kosa ambalo jina lako litakuwemo.
- Seti ni ngapi, na nani anazijaza baada ya kesi?
- Skrubu ikipotea hospitalini, nani analipa?
- Mshahara wa msingi ni kiasi gani, na kamisheni inahesabiwa hospitali ikiagiza au ikilipa?
- Gari, mafuta na posho ya kulala nje vikoje?

Swali la tatu na la nne ndiyo yanayowaumiza watu. Mwajiri wangu mmoja wa mwanzo alinikata mshahara miezi miwili kwa bisibisi iliyobaki kwenye ndoo ya kuoshea hospitalini. Mkataba ulimruhusu, nami nilikuwa nimeusaini bila kuusoma ukurasa wa nne. Kamisheni inayolipwa hospitali ikishalipa inaweza kukawia miezi mingi, kwa sababu malipo ya bima na ya serikali yana foleni yake. Panga maisha kwa mshahara wa msingi. Kamisheni ikija, iwe ya bati na tofali.

Hatua ya 6: Ondoka vizuri

Kama umeajiriwa sekta binafsi kwa mshahara wa mwezi, notisi ni siku 28. Kama ni mtumishi wa umma, muone afisa utumishi wako kabla hujaandika chochote, na uulize pia kuhusu likizo bila malipo.

Kabla ya barua, piga hesabu ya madeni. Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara hautasahauliwa kwa sababu umehama. Nenda benki ukajue utaulipaje. Mkopo wa elimu ya juu, kama unao, utaendelea kukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi na mwajiri mpya. Upande wa mafao, kwenda sekta binafsi maana yake ni kutoka PSSSF kwenda NSSF. Vipindi vya kuchangia vinaweza kujumlishwa, na pensheni inadai angalau miezi 180, kwa hiyo tunza nyaraka zako zote za michango.

Jingine: mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hana kinga ya kisheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Uwe na akiba ya nusu mwaka. Mke au mume wako alijue hilo kabla ya barua kutoka, si baada.

Na leseni yako ya Baraza la Madaktari Tanganyika usiiache ife. Ihuishe, endelea kukusanya pointi za mafunzo. Kurudi wodini si aibu, na wapo waliorudi.

Hatua ya 7: Kesi yako ya kwanza

Anza siku mbili kabla. Mpigie daktari, uliza ni pingili zipi, mgonjwa ana umri gani, mwili mkubwa au mdogo. Omba kuona picha pale pale hospitalini. Kutumiana CT ya mgonjwa yenye jina kwenye WhatsApp kunagongana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Jioni moja kabla, seti iwe hospitali. Fungua kila trei juu ya meza, taa iwake. Safu ya kwanza, skrubu za 5.5, ya pili 6.5, ya tatu 7.5, kila safu urefu ukipanda kwa milimita tano tano. Gusa kila tundu kwa kidole. Usihesabu kwa macho, macho huona kinachotegemewa. Safari moja nilikuta tundu la 6.5 kwa 45 lina skrubu, nikaridhika. Nilipoitoa nikasoma shingoni: 40. Mtu alikuwa ameirudisha pasipo pake. Ukubwa huo ndio daktari angeuomba kwanza kesho yake. Nilipiga simu Dar saa mbili usiku, ikaja na basi la alfajiri, na kesi ikaanza saa nane mchana badala ya saa tatu asubuhi. Nilimweleza daktari mapema, akakasirika, akakubali. Ningekaa kimya angekuja kujua mgonjwa ameshapasuliwa.

Mpe nesi wa thieta seti kwa maandishi: trei ngapi, vifaa vingapi, nyuzi na dakika za mtengenezaji. Trei isizidi kama kilo 11, nzito zaidi ya hapo hukauka vibaya. Ikitoka na maji ndani, haijasafishwa. Irudi, hata kama daktari ameshanawa.

Kisha asubuhi ya kesi. Sista ndiye mwenye thieta. Mwamkie, jitambulishe, mwulize usimame wapi. Kaa naye dakika 20 umpitishe vifaa kwa mpangilio wa matumizi: cha kufungulia tundu, cha kupapasa kuta, cha kuchonga njia, bisibisi ya skrubu, fito, kofia za kufungia, na ile bisibisi ya mwisho inayokaza kwa nguvu iliyopimwa. Akizielewa yeye, nusu ya kazi imekwisha.

Sasa lile zito kuliko yote. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka meza tasa, msaidizi wa daktari hajafika, damu inatoka. Daktari akanitazama juu ya barakoa: "Wewe si tabibu? Nawa, uje unishikie hii."

Mikono yangu ilitaka. Miaka tisa imefunzwa kwenda pale panapovuja. Nikamjibu: "Samahani daktari, leo nimekuja na seti, sijaja kutibu. Ngoja nimwite mtu." Nikatoka mbio korido, nikampata intern.

Fanya hivyo kila mara. Umeingia kama mtu wa kampuni. Mgonjwa hakuridhia mkono wako, bima haikujui, na leseni yako haikuwekwa kwa ajili ya siku hiyo. Zaidi ya hayo, unafaidika skrubu zikitumika, na mtu wa namna hiyo hapaswi kugusa kidonda. Unatumia sauti na kalamu ya mwanga tu. Unaonyesha kwenye trei. Ukiulizwa "hii inatosha?", sema kipimo kilichopo na alichoandika mtengenezaji. Uamuzi ni wa daktari. Na kifaa kikiwa hakipo, sema "hakipo" kwa neno moja, papo hapo. Usiseme "ngoja tuone".

Kuhusu mionzi: vaa aproni ya madini ya risasi na kinga ya shingo, vaa kipimo cha mionzi, na daktari akikanyaga pedali ya eksirei rudi nyuma. Kutoka mita moja hadi mita mbili dozi inashuka hadi robo.

Hatua ya 8: Fedha na mikono safi

Utaombwa. Wakati mwingine kwa utani, wakati mwingine kwa uzito: tiketi, ada ya mtoto, "asante" kwa kila kesi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inakuhusu wewe mtoaji sawasawa na mpokeaji. Mafunzo ya kitaaluma yapitie uongozi wa hospitali kwa barua, yasipitie mfuko wa shati. Bei nayo usiiahidi koridoni. Manunuzi ya umma yanapita kwenye mfumo wa NeST, na bei iliyotajwa kwa mdomo itakugeuka.

Nimepoteza hospitali moja kwa kukataa. Iliniuma, maana wagonjwa wake nilikuwa nawajua.

Hatua ya 9: Baada ya kesi

Usiondoke na daktari. Baki. Bandika lebo za kila kipandikizi kwenye faili la mgonjwa, na nakala kwenye fomu yako: aina, kipimo, namba ya toleo. Miaka mitano baadaye skrubu ikikatika, lebo hiyo ndiyo itakayomwambia daktari atumie bisibisi gani kuitoa. Skrubu ikikatika au kulegea, toa taarifa TMDA na kwa mtengenezaji, hata kama bosi angependa inyamaziwe.

Kisha seti ioshwe pale pale kabla damu haijakauka. Vifaa vyenye mirija vipitishwe brashi na maji hadi yatoke meupe. Hesabu mbele ya sista, nyote wawili msaini, kila mmoja abaki na nakala. Chungulia ndani ya ndoo na chini ya shuka zilizotumika kabla hazijaenda kufuliwa; bisibisi yangu ile ilikutwa ndooni wiki tatu baadaye. Andika skrubu zilizotumika, utume orodha Dar usiku huo huo ili zijazwe, halafu ndipo seti ipakiwe kwenye gari.